Mwenyeji Apone

1

Jua lilikuwa bado halijashika, na Bi Mgeni Mwakombo alikuwa ameshaitwa mama na watu sita, ambao katika hao hakumzaa hata mmoja. Wa kwanza alitaka aamue ugomvi wa kiwanja. Wa pili alitaka jina la mtoto. Wa tatu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alitaka amwombee msamaha kwa mkewe, maana mkewe, alisema, hawezi kumkatalia mama mkwe. Bi Mgeni alimjibu kwamba yeye si mama mkwe wa mtu, ni mpambaji wa maharusi aliyeachishwa kazi na pua yake, na kama anataka msamaha akauombe kwa mdomo uleule uliotukana. Yule bwana akacheka, akamshukuru kwa nasaha. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote: kila alilosema kwa hasira lilipokewa kama malezi.

Watatu waliobaki walikuwa wamekuja na watoto wao kwa ajili ya pumzi, na hao hakuweza kuwafukuza.

Aliwapokea barazani, mmoja baada ya mwingine. Mezani kulikuwa na chombo cha kioo chenye tumbo pana na shingo mbili, ambacho Kituo cha Pumzi kilikipa jina refu la kitaalamu na watu wa Makorora wakakiita kibuyu. Bi Mgeni aliweka mdomo kwenye shingo moja akapumua polepole, mpaka kioo kikatanda ukungu. Mtoto akaweka mdomo kwenye shingo ya pili, akavuta. Kazi ilikuwa hiyo tu, kupumua na kuvuta, ila kila mtoto alichukua muda wa chungu cha maharage kuchemka. Mara mbili ilibidi Bi Mgeni aache, ageukie ukutani, akohoe. Kina mama waliangalia pembeni, kwa ile adabu ya mtu aliyeona jambo na hataki kuliuliza.

Uani mbuzi wa serikali walikuwa wakilia. Walikuwa hawachinjwi wala hawakamuliwi. Kazi waliyoajiriwa ni kukaa karibu naye na kunuka. Daktari alikuwa amemweleza kwamba vijidudu vilivyomo puani na kooni mwake alivipata utotoni, alipokuwa akilala kando ya zizi la bibi yake kule Pongwe, na kwamba vinastawi vikikumbushwa kwao. Bi Mgeni mwenyewe hakutaka kukumbushwa. Alikuwa ameapa tangu usichana kwamba hatalala tena na mbuzi, na sasa uzeeni alikuwa analala nao kwa amri ya daktari.

Ng'ambo ya barabara nyumba zote zilikuwa zimezibwa. Tangu ile miaka ya joto, watu wa Tanga walijifungia ndani ya kuta zisizo na dirisha la kufunguka, na juu ya mapaa vichujio vikavuma usiku na mchana vikiwapa hewa isiyo na vumbi, isiyo na harufu, isiyo na kitu chochote. Watoto wakazaliwa humo safi kama sahani. Hawakumaliza kuota meno kabla nusu yao hawajaanza kubanwa na pumu.

Mtoto wa kwanza kuponea kwa Bi Mgeni alikuwa jirani yake, Zaituni, kitoto cha miaka minane wakati ule. Sasa alikuwa msichana mkubwa, na asubuhi hiyo alisimama mlangoni na sahani ya vibibi vya unga wa mchele, akingoja mtoto wa mwisho aondoke. Ndoa yake ilikuwa Jumamosi. Alikuja kuuliza kama mama ameridhika kiti chake kiwekwe palepale pa siku zote, nje ya dirisha la kioo la chumba cha bi harusi, au akisogeze kivulini.

"Kiweke unapotaka," alisema Bi Mgeni. "Nitasikia vigelegele popote."

Zaituni aliweka sahani, akamtazama. Akamuuliza daktari alisemaje juu ya hicho kikohozi. Bi Mgeni akamwambia daktari alisema wasichana wanaokaribia kuolewa wana maswali mengi, akachukua kibibi, akamgeuzia mgongo. Hakukila. Daktari alikuwa amemwita arudi siku hiyohiyo, na daktari haiti mtu mara mbili kumpa pongezi.

2

Kwenye majalada ya Kituo cha Pumzi, mtu ambaye vijidudu vinaishi ndani yake huitwa mwenyeji. Kwa hiyo Bi Mgeni alikuwa ameandikwa "Mwenyeji: Mgeni", na kwa miaka kumi na moja hakuna karani aliyempokea bila kumtajia ile methali, mgeni njoo mwenyeji apone, kana kwamba kaitunga yeye asubuhi hiyo. Siku ile karani alikuwa mpya. Bi Mgeni aliinua mkono kabla hajafungua kinywa, akapita moja kwa moja.

Daktari Semhando alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ndogo na tabia ya kukunja mikono ya koti anapokuwa na habari mbaya. Mikono ilikuwa imekunjwa mpaka viwikoni.

Alisema kijidudu kilichokutwa kwenye mapafu ni kile kinachojificha kwenye maji ya mabomba. Hakirukii kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo watoto wa kibuyu hawana hatari. Lakini kwake kimeshachimba. Kinatibika, kwa dawa tatu kwa pamoja, karibu mwaka mzima. Bila dawa, daktari hakupenda kukisia, lakini alipobanwa alisema masika ya mwakani yatamkuta kitandani, na ya mwaka utakaofuata hayatamkuta.

"Basi nipe hizo dawa," alisema Bi Mgeni.

Hapo ndipo daktari alipoanza kuikunjua na kuikunja upya mikono ya koti. Dawa zile, alieleza, hazichagui. Zikiingia zitafagia njia yote ya hewa, wabaya na wema. Ule mtaa utakwisha.

Mtaa lilikuwa neno lake la siku nyingi. Zamani, Bi Mgeni alipodhani kwamba anacho kijidudu kimoja cha ajabu kinachoponya, daktari alimsahihisha. Si kimoja, ni mtaa wenye watu wake. Wamekaa barazani, wanajuana, mwizi akipita anaonekana. Koo la mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba iliyozibwa ni mtaa mtupu, na mtaa mtupu huingiwa na wahuni. Mwili ukiona wahuni unaita askari. Askari hawamjui mtu, wanapiga kila kilichopo mpaka kuta za nyumba yenyewe; mirija inavimba, inajaa makohozi, inabana, na mtoto anapiga mluzi kifuani akitafuta hewa. Pumu ndiyo hiyo, askari wasiojua kunyamaza. Anachokifanya Bi Mgeni kwa kibuyu ni kuhamishia wapangaji wa amani kwenye nyumba tupu.

"Wagandishe basi," alisema Bi Mgeni. "Mna majokofu."

Walishajaribu. Wakigandishwa huamka wachache, na wachache wale huamka wakorofi. Mtaa haukai chupani, unakaa ndani ya mtu. Na hao watoto waliokwisha kupewa hawana akiba, kwa kuwa vichujio na moshi wa udi huwala wapangaji wao kidogokidogo. Ndiyo maana kila vuli wanarudi kuongezwa.

Ilibaki njia moja. Kabla dawa hazijaanza, mtu mmoja mwenye koo linaloupokea mtaa huo vizuri, yaani mmoja wa watoto wake wa pumzi, apewe mtaa mzima, kibuyu cha kushiba, kisha aishi kwa miiko ya mwenyeji mpaka matibabu yaishe. Asifukize udi wala ubani, asijipake manukato, asipikie mkaa, asilale kwenye nyumba iliyozibwa, akae na mbuzi. Bi Mgeni akipona, yule mtu atampumulia na kumrudishia.

"Mmoja tu?" aliuliza Bi Mgeni.

"Mmoja anatosha. Unao zaidi ya arubaini."

Bi Mgeni alirudi nyumbani mwepesi kuliko alivyokwenda. Alikuwa amewavumilia watoto arubaini na ushei kwa miaka kumi na moja, hakukosa kuwemo mmoja mwenye fadhila. Alifika akala kile kibibi, baridi vilevile.

3

Hakuwa amefikiria undugu, na hilo lilikuwa kosa lake.

Undugu wa pumzi ulianza kwa utani. Tangu zamani mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke asiyekuwa mamake alihesabiwa mwanawe wa ziwa, na waliolinyonya ziwa moja wakawa ndugu wasioweza kuoana. Siku moja, kwenye karamu, mtu mmoja alisema basi na hawa wa kibuyu kimoja ni ndugu wa pumzi. Watu wakacheka. Mwaka uliofuata posa moja ikarudishwa kwa sababu hiyo, na hakuna aliyecheka. Shehe wa msikiti alisimama akasema wazi kuwa pumzi si maziwa na jambo hilo halina asili. Watu wakamsikiliza kwa heshima zote, wakavaa viatu vyao, wakaendelea kurudisha posa. Kufikia sasa vijana wa Makorora walikuwa wanatafuta wachumba Muheza na Korogwe. Idrisa, mchumba wa Zaituni, fundi seremala, alipatikana Korogwe kwa sababu hiyohiyo.

Baraza liliitishwa kwenye ukumbi wa shule chini ya uenyekiti wa Maalim Kombo, mwalimu mstaafu aliyekuwa msuluhishi wa mtaa kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyependa kukaa muda mrefu vile. Daktari Semhando alieleza kila kitu upya, mtaa na askari na wahuni, akamaliza kwa kuuliza nani atajitolea. Kisha Maalim akakohoa kikohozi cha mtu mwenye afya.

Alisema jambo ni jema, lakini lina utata. Anayetoa pumzi ni mama, anayepokea ni mwana. Huo ndio msingi. Sasa mwana akimpa mamake pumzi, si atakuwa mama wa mamake? Na ndugu zake wote si watakuwa wajukuu zake? Je, mumewe atawaitaje? Na wale ambao posa zao zilirudishwa, wataambiwaje, kwamba msingi ulikuwa unapinduka?

"Maji hufuata mkondo," alisema Maalim. "Hayapandi mlima."

Ukumbi ukapumua kwa raha. Bi Mgeni aliiona raha hiyo na ikampanda kichwani. Mmoja akasimama akaunga mkono kwamba ni kweli, itakuwa aibu. Mwingine akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza nasaba. Bwana mwenye ndevu akasema yeye angejitolea hata leo, ila heshima aliyonayo kwa mama haimruhusu kumfanya mtoto. Salha, mama wa kitoto Mbwana, aliomba kwa sauti ya upole kwamba mama asubiri walau masika yapite, kwa kuwa mwanawe safari hii hajaongezwa, walikuwa safarini. Mtu akasema baada ya masika kuna wajawazito watatu. Wakaanza kuhesabu.

Bi Mgeni alimtafuta Zaituni kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kichwa chini, akizungusha pete ya uchumba kidoleni. Hakuinua uso. Bi Mgeni hakutarajia hilo limuume, na likamuuma kuliko yote yaliyosemwa.

Alisimama.

"Mimi hesabu za nasaba sizijui," alisema, "lakini mtu anayekwepa namjua. Miaka kumi na moja nimelala na mbuzi. Sijafukiza, sijajitia marashi. Harusi zenu zote nimekaa nje ya dirisha kama mdai, na mimi ndiye niliyekuwa nawapamba mama zenu. Hakuna hata mmoja aliyesema undugu unakataza hayo. Leo anatakiwa mmoja wenu akae na mbuzi mwaka mmoja, undugu umeota miiba."

Maalim alifungua kinywa. Bi Mgeni akamwomba radhi, akaendelea.

"Jumatatu naanza dawa. Na Jumamosi, kwa kuwa mtaa wenyewe unakufa, sitakaa nje. Nitaingia chumbani kwa bi harusi, nitampaka hina kwa mkono wangu, na nitavuta udi mpaka nishibe."

Alitoka. Nyuma yake alisikia mtu akisema, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba mama amekasirika, lakini mama hakasiriki kweli.

4

Ijumaa mchana Salha alikuja mbio bila viatu, amempakata Mbwana.

Mtoto alikuwa amekaa wima mikononi mwa mamake kama mtu aliyepandishwa juu ya kitu chembamba. Midomo ilikuwa imepoteza rangi, na kila alipovuta hewa ngozi ya shingoni ilizama ndani. Mluzi ulisikika kabla hawajafika ngazini. Salha alikuwa ameshampulizia dawa nyumbani, kisha akamkimbiza hapa, mahali ambapo akili yake ilizoea kukimbilia. Bi Mgeni alimwambia amkalishe, ampulizie tena kama alivyofundishwa. Akamtuma jirani kumwita daktari. Kibuyu hakikuwa na kazi saa hiyo, na wote wawili walijua. Wapangaji huchukua majuma kuhamia. Kifua kikishabana kinataka dawa na machela. Bi Mgeni alichoweza kufanya ni kumshika yule mtoto mgongoni na kuhesabu naye, taratibu, pumzi ya kuingia na ya kutoka. Alihesabu huku anakizuia kikohozi chake mwenyewe, mpaka machozi yakamtoka.

Dawa ilishika. Daktari alipofika na mtungi wa hewa, shingo ya mtoto ilikuwa imeacha kuzama na alikuwa anauliza kama mbuzi wana majina.

Baadaye, daktari alipokuwa anaandika vipimo vyake, Mbwana alipewa kibuyu alichokikosa. Alivuta vizuri. Bi Mgeni alipumua kwa uangalifu kuliko siku zote, na alipogeuka kukohoa aliona doa jekundu kwenye ncha ya kanga, akaikunja.

Salha alikuwa ameona. Akauliza swali ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza barazani.

"Ukimeza hizo dawa, mama, mwakani nitampeleka kwa nani?"

Bi Mgeni alikuwa na majibu mengi ya hasira, yote ya haki, na hakuna lililomfaa mtoto aliyekuwa mezani akichora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo.

"Sijui," alisema.

Nusura aseme atasubiri. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Angesubiri masika, kisha wajawazito watatu, kisha vuli. Kila mvua ingekuja na Mbwana wake, na kila Mbwana angekuwa na shingo inayozama na mama asiye na viatu, na kila mmoja peke yake angekuwa sababu tosha. Daktari alikuwa amempa hoja ya kujitetea, kwamba akifa na mtaa unakufa naye, kwa hiyo kusubiri hakumwokoi mtu. Ilikuwa hoja nzuri. Ila haikuwa yake. Yeye alitaka kuishi, basi, bila kuwa na faida kwa mtu. Alitaka asubuhi ambayo hakuna anayebisha hodi. Aliona aibu kulitaka hilo mbele ya Mbwana, na aliudhika kwamba anaona aibu.

"Sijui, Salha," alirudia. "Lakini Jumatatu naanza."

Salha aliitikia kwa kichwa. Alimchukua mwanawe, na mlangoni akageuka akasema ahsante, mama. Bi Mgeni angependa kutukanwa kuliko kusikia hiyo ahsante.

5

Jumamosi alitoa sanduku lake la kupambia uvunguni. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, lilikuwa limekuwa jiwe. Hina alishanunua mpya. Kulikuwa na kichupa cha marashi aliyopewa na bi harusi wake wa mwisho. Alikifungua kwa ufidhuli kabisa, akakipindua kiganjani, na hakuna kilichotoka. Kilikuwa kimekauka. Akacheka peke yake, akavaa gauni la kijani, akaenda.

Kwao Zaituni nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake walimpisha huku wakitazamana. Kiti chake kilikuwepo palepale nje, kivulini, kimewekewa mto. Bi Mgeni alikipita bila kukitazama. Alikuwa ameifikiria hatua hii tangu siku ya baraza, na kwa kweli tangu miaka kumi na moja. Alijua vizuri atakachokikuta: kile chumba chenye joto, chetezo mvunguni mwa kitanda, shuka na nguo na nywele vimefukizwa mpaka hewa imekuwa nzito ya kutafunika. Daktari alikuwa amemwambia kwamba udi kwa mapafu yale ni upuuzi. Alijua. Aliutaka upuuzi wake.

Alifungua mlango, akafumba macho, akavuta.

Hakukuwa na kitu. Akavuta tena. Safari hii alisikia harufu ya rangi ya ukuta, na ya mbao iliyorandwa karibuni, na kwa mbali, harufu ambayo angeitambua hata kaburini.

Alifumbua macho. Ukuta wa chumba, ukuta wa nyumba iliyozibwa, ulikuwa umetobolewa, na kwenye tobo kulikuwa na dirisha jipya la mbao, limefunguliwa wazi. Upepo ulikuwa unaingia na vumbi lake. Nje ya dirisha, chini ya mwembe, mbuzi alikuwa amefungwa na anatafuna ua lililodondoka kwenye mapambo. Chetezo kilikuwa kimepinduliwa kifudifudi juu ya kabati. Kwenye pembe ya kitanda, ndani ya gauni la kwendea harusini lililomkaa vibaya, alikuwa daktari Semhando, na mapajani alikuwa amepakata kibuyu.

Zaituni alikuwa katikati ya chumba, mikono mitupu ikingoja hina.

Alieleza kwa maneno machache, maana wanawake walikuwa wanasikiliza mlangoni. Barazani alinyamaza kwa sababu nyumba atakayokaa na Idrisa ni hii, na alikuwa hajamuuliza mwenzake. Alimuuliza usiku uleule. Idrisa akaenda kuchukua msumeno. Mbuzi ni zawadi ya wakwe, walidhani ni wa kuchinjwa.

"Na Maalim?" aliuliza Bi Mgeni.

"Maalim kasema anayekupa pumzi ndiye mama yako. Mwakani nitakupa." Zaituni alimsogezea kiti. "Mimi nimeona nianze kuzoea mapema. Karibu, mwanangu."

Mlangoni mtu aliguna, wengine wakaziba midomo. Msichana wa jana kumwita hivyo mtu wa umri wa bibi yake, mbele za watu, siku ya harusi yake. Bi Mgeni alihisi machozi yanakuja na yakamuudhi, kwa kuwa alikuwa amejipaka wanja.

"Miaka kumi na moja," alisema, "nangoja kuingia chumba chenye udi. Nimevaa. Nimekuja. Na wewe unanitilia mbuzi."

"Ukishaanza dawa fukiza utakavyo, nyumbani kwako," alisema Zaituni. Daktari alifungua mdomo apinge, akaufunga. "Hapa kwangu ni mwiko."

Bi Mgeni alimtazama bi harusi, na dirisha, na yule mnyama. Akaweka sanduku lake chini. Akakaa kwenye kiti, ndani ya chumba, akakunja mikono ya gauni la kijani.

"Ati mwanangu. Mwana wa nani?" alisema. "Hebu sogeza hicho kibuyu."